Moyo wa Osoro Nyuma ya Ukuta

Watu wengi hugongwa na gari linalokwenda. Osoro wa Gekara aligongwa na gari lililosimama, tena gari la ng'ombe ambalo ng'ombe wenyewe walikuwa bado hawajafungwa. Hata uzeeni mwake, ukitaka kumchokoza ulihitaji kumwuliza swali moja tu: "Osoro, yule ng'ombe aliyekugonga alikuwa wa rangi gani?" Angekutazama, angetema mate pembeni, kisha angecheka kuliko wewe uliyeuliza. Mtu aliyeponea chupuchupu ana haki hiyo.

Alizaliwa katika milima ya Wagusii, mahali ambapo wimbi, yaani ulezi, hupandwa mpaka karibu na mlango, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Gekara. Gekara alikuwa mtu wa ng'ombe. Hakuwa mkali, ila maneno yake yote alikuwa ameyawekea mifugo. Angeweza kumweleza fahali mmoja kuanzia umande mpaka jua la utosini, pembe zake, nundu yake, mama yake na bibi yake, lakini kwa wanawe alikuwa na "njoo", "nenda" na "umekula?" Osoro alikua akimheshimu na kumwogopa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kati ya baba na mwana kunaweza kuwa na jambo la tatu.

Alipoanza kuota ndevu, habari zilifika kwamba Wazungu wanakata msitu Kericho ili wapande majani ya chai. Vijana walishika njia ya Sotik, wakapotelea huko. Osoro naye akaaga. Gekara alimsindikiza mpaka mtoni, na hapo akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia: "Ng'ombe pia hula majani, lakini jioni hurudi nyumbani." Osoro akavuka mto. Aliondoka neno hilo likimchoma, na kwa miaka mingi walitumiana salamu tu kwa wapita njia.

Huko Kericho alikata miti, akang'oa visiki, akapanda chai kwenye mvua isiyojua kuchoka. Nyapara alipoona jinsi alivyozungumza na ng'ombe wakamsikia, maana damu ya Gekara haikuwa imepotea, alimkabidhi gari la kubebea kuni za boila ya kiwanda. Akabatizwa. Akamwoa Bosibori, binti wa kwao aliyejua kusoma na kujibu, hasa kujibu. Wakapata mtoto wa kike, Nyanchama, na wakakaa katika laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu: chumba kimoja, kuta za udongo, paa la nyasi, mlango mmoja.

Huo mlango mmoja ulikuwa taabu kwa Mgusii. Kwao nyumba ya mtu aliyeoa ina pande mbili na milango miwili, na hata hivyo baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyekwisha kuoa. Huitwa ensoni, heshima iliyochanganyika na haya: baba asione kitanda cha mwanawe, wala mwana asionwe na baba pale anapolala na mkewe. Ubatizo ulimwosha Osoro mengi, hata pombe ya wimbi, japo aliikumbuka kila Jumamosi. Ensoni haukuigusa.

Sasa siku ya gari. Ilikuwa mwaka ambao mvua za masika zilikataa kwisha. Gari lilikuwa limejazwa kuni mlimani, limesimama, jiwe likiwa chini ya gurudumu. Kila dereva wa ng'ombe aliye na akili hufunga ng'ombe kwanza, kisha ndipo hutoa jiwe. Osoro alikuwa na akili, lakini siku hiyo alikuwa na haraka zaidi. Alitoa jiwe. Gari likajisogeza kidogo tu kwenye tope, gurudumu la mbele likagonga kisiki, na ile boriti ndefu ya mbele, inayokaa kati ya ng'ombe wawili, ikazunguka kama lango lililopigwa na upepo. Ilimpata kifuani, upande wa kushoto, ikamtupa kwenye nyasi.

Akaamka. Akajipapasa. Hakukuwa na damu, hakukuwa na mfupa uliovunjika, ni alama nyekundu tu iliyotosha kufunikwa na kiganja. Nyapara alikuja mbio, akamwangalia juu mpaka chini.

"Damu iko wapi?"

"Hakuna, bwana."

"Basi funga ng'ombe."

Nisimlaumu nyapara peke yake. Osoro mwenyewe alikuwa ameshainama kuokota nira. Katika laini zile kidonda kilikuwa cheti. Asiye na kidonda aliitwa mvivu, na jina la mvivu likikushika halibanduki. Kwa hiyo alifunga ng'ombe, akateremsha kuni, akarudi nyumbani, akamwambia Bosibori kwamba amechoka tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kifo kilikuwa tayari kimebisha hodi.

Asubuhi kengele ilipogongwa, ile ya kipande cha reli kilichotundikwa mtini, Osoro alisimama kwenye safu pamoja na wenzake. Alihisi kitu kifuani kikikimbia. Kikasimama. Kikakimbia tena kwa fujo, kama kimepoteza njia. Nchi ikamzunguka, akaanguka kifudifudi mbele ya watu wote, bado bila tone la damu.

Dresa wa shamba, yaani mhudumu wa zahanati, alikuwa Kepher Oyoo, Mjaluo kutoka kandokando ya ziwa, mtu mrefu aliyependa shati lake jeupe kuliko alivyopenda kula. Aliita watu wambebe Osoro taratibu mpaka nyumbani kwake, akapiga magoti kwenye udongo bila kujali suruali, akamshika mkono mahali mapigo yanaposikika.

"Osoro, hii moyo yako inatembea mbaya," alisema. "Inakimbia, inasimama, inakimbia tena. Nani alikugonga?"

"Gari. Lakini damu hakuna."

"Damu iko ndani. Ulitaka imwagike ndio uamini?"

Bahati yake ilikuwa kubwa, kwani siku hiyo daktari Mzungu aliyezungukia mashamba alikuwa njiani. Alifika, akamsikiliza kifua kwa mpira wake wa masikioni, akabonyeza mbavu, akasikiliza tena. Kisha alisema maneno marefu kwa Kizungu, na Kepher akayafupisha ili yaingie katika chumba kile.

"Daktari anasema moyo imepigwa. Unajua mtu akipigwa rungu kwa mguu, inavimba, inakuwa nyeusi? Sasa moyo iko hivyo hivyo. Mguu unaweza kupumzisha. Moyo haiwezi kupumzika, kwa hivyo wewe ndio utapumzika kwa ajili yake."

"Mpaka lini?" Bosibori aliuliza.

"Mpaka daktari mwenyewe aseme. Asisimame. Asikae. Asiinue hata sufuria. Hasa wiki ya pili na ya tatu, hapo ile nyama inakuwa laini kabisa. Akiamka na nguvu, inaweza kupasuka. Ikipasuka, hata mimi usiniite, ita mchungaji."

Kuhusu kumpeleka hospitali ya Kericho, daktari alitikisa kichwa: barabara ile, na matope yale, na lori lile, vingemmaliza kabla hawajafika. Aachwe alipolala. Basi Osoro akaachwa alipolala, mtu aliyezoea kunyanyua magogo, akikatazwa kunyanyua kichwa chake mwenyewe.

Wasiojua hudhani kulala ni raha. Osoro aliogopa, na sioni aibu kusema hivyo kwa niaba yake. Mchana kutwa alijisikiliza. Moyo ulipiga, ukapiga, ukaruka pigo moja, na katika ile nafasi ndogo alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili na kumwomba Mungu pigo jingine. Likija, alishukuru. Kisha akaanza kusubiri tena. Usingizi haukumjia ila kwa vipande, kwa sababu alikuwa na wazo kwamba asipousikiliza moyo wake, utasahau kazi. Bosibori alimlisha uji kwa kijiko, akamgeuza, akamtolea uchafu, na kila alipoona aibu usoni pake alimwambia, "Tuliahidiana kanisani kwenye raha na shida. Hii ndiyo ile nyingine. Fungua mdomo."

Habari nazo zina miguu kuliko watu. Kutoka Kericho ziliondoka zikisema Osoro amegongwa na gari. Sotik zilifika zikisema amevunjika kifua. Zilipopanda milima ya Wagusii na kuingia bomani kwa Gekara, Osoro alikuwa ameshakufa na gari limempitia juu mara mbili.

Alasiri moja, mvua ya kila siku ilipokuwa imeanza kazi yake, Osoro alisikia nyayo nje zikisimama mbele ya mlango. Alisikia Bosibori akiacha kupepeta hapo mlangoni. Kisha kikohozi. Kuna vikohozi mtu huvijua hata akiwa kaburini, na hicho alikuwa amekisikia utoto wake wote kikimtangulia baba yake kutoka zizini.

"Wamemzika?" Gekara aliuliza.

"Hapana, tata," sauti ya Bosibori ilijibu kwa unyenyekevu, akimwita 'baba' kwa Kigusii, kama mkwe anavyomwita baba wa mumewe. "Yumo ndani. Yu hai."

Mvua tu juu ya nyasi. Osoro akashindwa kuvumilia. "Tata!" akaita.

Nje kulisikika kishindo kidogo. Mzee alikuwa ameketi ghafla kwenye tope. Ndani, Osoro alifanya hesabu ya haraka ambayo kila Mgusii angeifanya. Baba yake amekuja kwa miguu kutoka milimani. Baba yake ananyeshewa. Baba yake hawezi kuingia, kwa kuwa hii ni nyumba ya mwana aliyeoa, tena kitanda chenyewe kinaonekana moja kwa moja toka mlangoni. Kwa hiyo yeye ndiye atakayetoka. Mwana gani hulala kitandani huku baba yake amekaa mvuani? Daktari alisema, naam, lakini daktari hakuwa na baba aliyekaa matopeni. Osoro alitupa blanketi, akashusha mguu mmoja sakafuni. Hapo hapo moyo ukaanza kupapatika kifuani kama kuku aliyeshikwa miguu.

Bosibori alikijua kitanda kile kwa mlio wake. Kilipolia tu, alisimama mlangoni na kufanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe: alimtazama baba mkwe wake usoni na kumpazia sauti.

"Tata, mkataze! Anaamka! Akiamka moyo utapasuka, daktari amesema. Mimi hanisikii!"

Gekara hakumkemea. Sauti yake ilipita ukutani, nzito, ile ya kuita fahali aliyeanza kuingia shamba la mtu.

"Osoro. Rudisha mguu."

Osoro alishtuka. Amejuaje kuhusu mguu?

"Tata, unanyeshewa."

"Rudisha mguu, nimesema. Nimekuja na kamba na blanketi nikubebe maiti. Usinilazimishe kuvitumia. Ukisimama leo, mimi sikukuzaa."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na laana ya baba haina dawa ya dresa. Osoro akarudisha mguu. Akalala chali, akatazama moshi uliokuwa ukizunguka chini ya paa, na machozi yakamtoka yakaingia masikioni. Moyo ukatangatanga kitambo, ukatulia kidogo. Bosibori aliketi palepale mlangoni akalia kwa sauti, akiwa amejifunika uso kwa khanga, kwa kuwa sasa heshima ilikuwa imerudi mahali pake.

Kesho yake Kepher alikuja na kumkuta mzee amejikunyata chini ya upenu.

"Mzee, ingia ndani. Unanyeshewa bure."

"Hiyo ni nyumba ya mtoto wangu," Gekara alimjibu kwa Kiswahili chake kidogo. "Mimi siwezi."

Kepher alikuna kichwa. Kwao pia mambo kama hayo yalikuwako. Mama mkwe wake alimkimbia kama ukoma, naye alimkimbia vilevile. Hakubishana. Aliita wanaume wanne, wakainua kitanda pamoja na mgonjwa wake bila kukitikisa, wakakisogeza mpaka ukutani, upande uleule ambao upenu ulikuwa mpana. Baba akawa nje, mwana akawa ndani, na kati yao udongo usiozidi unene wa kiganja, tena wenye nyufa.

Gekara alilala kwa vijana wa Kigusii walioishi mwisho wa laini. Kila kulipokucha alirudi kwenye ukuta wake. Siku za kwanza alisema "umekula?" na Osoro akasema "nimekula," na wote wakanyamaza. Lakini ukuta una faida yake: mtu asiyetazamwa usoni hulegea ulimi. Mzee akaanza na ng'ombe, bila shaka. Kisha ng'ombe wakamleta kwenye mwaka wa njaa, na njaa ikamleta kwenye surua iliyopita baadaye, ambayo Osoro aliugua akiwa bado hajajua kutembea vizuri.

"Mama yako alidhani nimeenda kunywa," Gekara alisema. "Sikwenda popote. Nilikuwa nyuma ya nyumba. Nilikuwa nikikusikiliza unakohoa. Ulipoacha kukohoa nilidhani umekufa, nikaenda kwa ng'ombe ili nisiambiwe."

"Hukuwahi kusema, tata."

"Ungefanya nini nayo? Ulikuwa mtoto."

Osoro alilaza kiganja chake kwenye ukuta. Nje, mzee hakungoja jibu. Aliendelea na habari za ndama.

Ndivyo juma la pili lilivyopita, likaja la tatu, lile ambalo Kepher alilitaja kwa kidole kilichonyoshwa. Bosibori hakuruhusu hata mjadala wa siasa za kanisa karibu na kitanda. Asubuhi moja jua lilitoka vizuri, jambo la ajabu kwa Kericho. Laini ilikuwa tupu, watu wote wako kazini. Bosibori alikuwa amemfunga Nyanchama mgongoni akateremka mtoni kufua. Nje, Gekara alikuwa akieleza habari za ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe, aliyekataa kukamuliwa na mtu mwingine yeyote isipokuwa mama yake Osoro. Osoro alimsikiliza. Alisikia sauti ile ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya gari alisahau kuusikiliza moyo wake. Usingizi ukamchukua, usingizi mzito, mdomo wazi.

Aliamshwa na uzito.

Kulikuwa na kitu kifuani pake. Alinusa ugoro na blanketi lililonyeshewa. Alifungua jicho kidogo tu, kama uzi, akaona mvi chini ya kidevu chake. Baba yake alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, sikio likiwa limebanwa palepale boriti ilipompiga. Na macho ya mzee yalikuwa yamefumbwa kwa nguvu zote, uso wote umekunjamana, kama mtoto anayeoshwa kwa sabuni.

Osoro alielewa yote mara moja. Mzee alimwuliza jambo kuhusu ng'ombe mweusi, hakujibiwa. Akauliza tena. Akagonga ukuta. Hakuna mtu wa kumtuma. Na safari hii hakwenda kwa ng'ombe ili asiambiwe. Aliingia. Aliingia akipapasa kuta, macho yamefumbwa ili asione kitanda cha mwanawe.

Osoro naye akafumba macho haraka. Aliogopa kwamba kwa mshtuko ule moyo utaanza fujo zake, na kwamba baba yake atazisikia, na kwamba huo ndio utakuwa mwisho wa wote wawili. Akangoja. Moyo ulipiga. Ukapiga. Ukapiga tena, kwa taratibu, pigo baada ya pigo, bila kuruka hata moja, kama mwanamke anayetwanga na hana haraka. Alisikia pumzi ndefu ya moto ikitoka kwa mzee na kumwagikia mbavuni. Kisha tone. Kisha jingine. Gekara hakuondoa kichwa mara moja. Alipokiondoa, alipapasa kuelekea mlangoni vilevile kipofu, akapiga teke chungu cha maji kikapasuka, akalaani kwa sauti ndogo, akatoka.

Muda mfupi baadaye sauti ilitoka nje ya ukuta, imekauka kidogo.

"Osoro. Umelala?"

"Nilikuwa nimelala, tata."

"Lala. Kulala ni kuzuri."

Bosibori aliporudi na nguo zake alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. "Nani amevunja chungu changu?"

"Paka," Osoro alisema.

"Paka gani? Laini hii haina paka."

"Mimi nilimwona," Gekara alisema kutoka nje. "Paka mkubwa."

Bosibori alitazama chini. Nyayo za tope zilitoka mlangoni zikaenda mpaka kitandani, nyayo za mtu mzima asiye na viatu. Alizitazama kitambo. Kisha akachukua ufagio, akazifagia zote, akaokota vigae vya chungu, na hakuuliza tena habari za paka huyo maisha yake yote.

Daktari alikuja mwezi uliofuata. Alisikiliza mbele, akasikiliza nyuma, akamwambia akae, akasikiliza tena. Akamwambia asimame. Miguu ya Osoro ilitetemeka, Kepher akamshika kwapa, lakini kifua kilitulia. Daktari alisema neno moja, na safari hii Kepher hakuhitaji kulitafsiri, kwa maana alikuwa anacheka mpaka magego. Bosibori alipiga kigelegele kilichotoa watu katika nyumba zote za laini. Gekara, aliyekuwa amesimama nje mgongo akiwa ameuelekeza mlangoni, alikuna shingo na kusema kwamba mvua inakuja na yeye ana ng'ombe nyumbani. Aliondoka asubuhi yake. Kamba aliyokuja nayo aliiacha. Bosibori akaanikia nguo za mtoto.

Osoro hakurudi kwenye magari ya kuni. Alipewa kazi ya kutunza zizi la ng'ombe wa shamba, akaifanya mpaka alipochoka kuifanya, akazaa watoto wengine, akawazika wazee wake kwa heshima. Kila mfanyakazi mpya aliyejigamba kwamba kaanguka lakini hakutoka damu, alimshika sikio na kumpeleka kwa Kepher. Lakini kabla ya hayo yote kuna siku moja ya kwenda nyumbani.

Wimbi lilikuwa limevunwa alipojaliwa nguvu ya safari. Alitembea polepole, akipumzika kila alipoona jiwe zuri, na alipofika kwao alikuta wazee wa ukoo wameketi uani kwa Gekara, na mbuzi mweupe amefungwa kigingini. Akadhani ni karamu ya kumpokea.

"Baba yako ametuita mwenyewe," mzee wa kwanza alimwambia. "Amesema aliingia nyumbani kwako. Hakuna aliyemwona, hakuna aliyemshtaki. Amejishtaki. Mbuzi huyu ni wa kumtakasa. Kaa chini."

Osoro akaketi. Gekara alikuwa upande wa pili, anatazama mbuzi.

"Gekara, ulipoingia uliona nini?"

"Sikuona kitu. Nilifumba macho."

Wazee wakacheka, mmoja akapaliwa na ugoro. "Kama ulifumba macho, ulifuata nini humo ndani?"

"Nilifuata kusikia."

"Ulisikia nini?"

Hapo mtu yule aliyeweza kumweleza fahali mmoja nusu ya siku alikosa neno. Mwishowe alijipiga kifuani kwa kiganja, polepole, pigo baada ya pigo, na hakuna mzee aliyecheka tena.

Mzee wa kwanza akamgeukia Osoro. "Na wewe, ulijua kwamba baba yako yumo? Fikiri kabla ya kujibu. Mbuzi hasafishi uongo."

Osoro alihisi moyo wake ukienda mbio, lakini zilikuwa mbio za kawaida, za mtu yeyote mwenye haya. Angeweza kusema alikuwa amelala. Baba yake angebaki na siri yake ya kulia, na heshima ingebaki nzima. Alimtazama mzee Gekara, ambaye bado alikuwa hamtazami.

"Nilikuwa macho," alisema. "Nilimwacha asikilize."

Gekara aligeuza uso taratibu, akamtazama mwanawe machoni, mbele za watu, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama.

"Ungeniambia," alisema. "Ningesikiliza zaidi."